KWA NINI HIDROJENI HUPOZWA KABLA YA KUINGIA KWENYE GARI



  

Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi wetu, somo letu la sayansi safari hii linahusu joto, na mfano tutakaoutumia ni gari linalotumia gesi ya hidrojeni. Magari haya yapo barabarani. Toyota Mirai ilianza kuuzwa Japani Desemba 2014, na Hyundai Nexo ikafuata mwaka 2018. Ndani yake hakuna petroli inayoungua. Kuna mtambo ambamo hidrojeni hukutana na oksijeni ya hewani, zikaungana, ukapatikana umeme wa kuendesha mota, na kinachotoka nyuma ya gari ni maji. Wenye magari haya wanayasifu kwa jambo moja zaidi ya mengine: gari la betri huchajiwa kwa muda mrefu, bali la hidrojeni hujazwa kwa dakika tatu hadi tano, karibu sawa na gari la petroli.

Dakika hizo tatu hadi tano ndizo zitakazotushughulisha. Mwenye gari hushika nozeli, husubiri kidogo, kisha huondoka zake. Haoni kwamba nyuma ya pampu ile kuna mashine ya baridi yenye nguvu ya viyoyozi kadhaa, na kwamba bila mashine hiyo pampu ingelazimika kusimama katikati ya kazi au kujaza polepole sana.

PAMPU YA BAISKELI

Kila aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli ameishika pampu akaiona ina joto upande wa chini. Wengi hudhani ni msuguano tu wa ngozi ya ndani. Msuguano upo, lakini sehemu kubwa ya joto lile inatokana na hewa yenyewe kushindiliwa. Unapoisukuma unaifanyia kazi, na kazi ile haipotei, bali hugeuka joto ndani ya hewa.

Tairi la gari dogo lina kanieneo (yaani msukumo wa gesi katika chombo) ya baa 2 na ushei. Tangi la hidrojeni hujazwa hadi baa 700. Sababu ya kushindilia kiasi hicho ni kwamba hidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote, na ukiiacha katika hali ya kawaida kilo moja yake hujaza chumba kizima. Kwenye baa 700 lita moja ya tangi hubeba kama gramu 40. Mirai ya kwanza ilibeba karibu kilo 5, na kilo hizo zilitosha safari ya mamia ya kilomita.

Sasa fikirini, gesi inapoingia tangini kutoka kwenye mitungi ya kituo, iliyoko nyuma inaisukuma iliyoko mbele, na iliyotangulia ndani inashindiliwa na kila gramu inayoifuata. Ni pampu ya baiskeli ileile, ila kazi inayofanyika ni kubwa mno na muda ni mfupi mno, joto halipati nafasi ya kutoka.

Kuna na jambo la pili. Gesi nyingi, hewa ikiwamo, zikipenyezwa kwenye tundu dogo kutoka penye kanieneo kubwa kwenda penye ndogo, hupoa kidogo. Hidrojeni, pamoja na gesi chache kama heliamu, hufanya kinyume: katika jotoridi la kawaida hupata joto. Mpaka kwanza ipozwe chini kabisa, takriban nyuzi 70 chini ya sifuri, ndipo tabia yake hugeuka ikawa kama ya wenzake. Jambo hili si kubwa kama lile la kushindiliwa, lakini nalo huongeza joto mahali ambapo hatulitaki.

Tabia hiyo ilimpa shida James Dewar, mwanasayansi wa Uskochi aliyefanya kazi London. Alitaka kuigeuza hidrojeni iwe kimiminika, ikambidi kwanza aipoze sana kwa kutumia hewa iliyokwisha kugeuzwa kimiminika, kisha ndipo aiachie ipanuke. Alifaulu mwaka 1898. Huyu ndiye aliyebuni, mwaka 1892, chombo chenye kuta mbili zilizotolewa hewa katikati, yaani asili ya chupa ya chai iliyoko katika kila nyumba ya pwani yetu. Alikitengeneza kwa kuhifadhia vimiminika vya baridi kali. Chai ilikuja baadaye.

HESABU YA DARASANI

Wanafunzi wa madarasa ya juu wachukue kalamu. Kuna kanuni nyepesi ya kukadiria joto la gesi inayoingia katika chombo kitupu bila joto kupata njia ya kutoka: chukua jotoridi la gesi inayoingia kwa kipimo cha Kelvini (nyuzi za Sentigredi ukijumlisha 273), kisha zidisha kwa 1.4. Namba hiyo 1.4 ni ya hidrojeni na ya hewa pia.

Gesi ikiingia ikiwa na nyuzi 30, kama siku ya kawaida ya Tanga au Mombasa, tunapata 303 mara 1.4, nayo ni 424. Toa 273, linabaki jotoridi la nyuzi 151. Kwa joto hilo maji hayachemki tu, yanakauka yote.

Gesi hiyohiyo ikipozwa kwanza hadi nyuzi 40 chini ya sifuri tunapata 233 mara 1.4, ambayo ni 326. Toa 273, zinabaki nyuzi 53.

Hii ni hesabu ya ubaoni. Tangi la kweli huwa na gesi iliyobaki ndani, kuta zake hunywa sehemu ya joto, na hidrojeni kwenye baa 700 haifuati kanuni nyepesi sawasawa. Lakini tofauti ya nyuzi karibu 100 kati ya majibu mawili inaeleza kwa nini watu wamejitia gharama ya baridi.

Tangi lenyewe lina mfuko wa ndani wa plastiki ngumu, na juu yake limezungushiwa nyuzinyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi. Ni jepesi na lina nguvu ya ajabu, lakini plastiki haipitishi joto vizuri, na plastiki na gundi zote mbili hazitaki joto kali. Mpaka uliowekwa ni nyuzi 85. Ikifika hapo lazima kujaza kukome.

Na joto lina hasara nyingine, ambayo mnunuzi huigundua akiwa keshafika nyumbani. Gesi ya moto huonyesha kanieneo kubwa kuliko wingi wake. Tuseme pampu imesimama kwa sababu tangi limefika nyuzi 85 na kipimo kinasoma baa 600. Gari likilala hadi likapoa kufikia nyuzi 15, kanieneo itashuka kwa uwiano wa 288 kwa 358, yaani zitabaki baa 480 na kidogo. Aliyedhani ana tangi lililokaribia kujaa anakuta pungufu ya karibu theluthi. Ndiyo maana pampu imeruhusiwa kupanda hadi baa 875 tangi likiwa la moto: baa 875 kwenye nyuzi 85 ni gesi ileile ya baa 700 kwenye nyuzi 15. Pigeni hesabu mtaona inakubali. Kipimo cha kweli cha hidrojeni ni uzito wake, na anayeuza kwa haki huuza kwa kilo.

SEKUNDE THELATHINI

Ili kila gari liweze kujazwa kwenye kila kituo, chama cha wahandisi kiitwacho SAE, chenye makao yake Marekani, kilitunga kanuni inayojulikana kama J2601. Ilitolewa kwa majaribio mwaka 2010, ikawa kanuni kamili mwaka 2014. Inasema kwamba katika ujazaji wa haraka kabisa, hidrojeni inayotoka kwenye pampu iwe kati ya nyuzi 33 na nyuzi 40 chini ya sifuri, na iwe imefika humo ndani ya sekunde 30 tangu kujaza kuanze. Ikiwa ya moto zaidi, kituo kijaze kwa mwendo wa polepole zaidi. Ikishuka chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kujaza kukome, kwa sababu baridi hiyo nayo huumiza vifaa vya gari.

Gari na pampu huzungumza wakati wote huo. Karibu na tundu la kujazia kuna taa isiyoonekana kwa macho, ya jinsi ileile ya rimoti ya televisheni, nayo huipelekea pampu habari za jotoridi na kanieneo ya tangi. Pampu husikiliza na kuamua.

Sekunde 30 ni chache kuliko zinavyosikika. Kabla ya mwanzo wa kujaza, bomba kutoka kwenye mashine ya baridi mpaka kwenye nozeli limekaa katika hewa ya nje. Hidrojeni ya kwanza kupita hulipoza bomba, na yenyewe hufika garini ikiwa imepoteza baridi yake. Wahandisi kwa hiyo hukiweka kipozeo ndani ya pampu yenyewe au hatua chache kutoka hapo, ili bomba liwe fupi.

Tuone sasa ni joto kiasi gani linaloondolewa. Kilo moja ya hidrojeni inahitaji kuondolewa takriban kilojuli 14 kwa kila uzi mmoja wa jotoridi, zaidi ya mara tatu ya maji. Kutoka nyuzi 30 hadi 40 chini ya sifuri ni hatua 70, kwa hiyo kila kilo hutoa karibu kilojuli 1,000. Kwa gari la kilo 5 ni kilojuli 5,000. Ukiziondoa kwa dakika nne, yaani sekunde 240, unahitaji nguvu ya kilowati 21 hivi. Kiyoyozi cha chumba cha BTU 12,000 huondoa kama kilowati 3.5. Basi gari moja dogo, kwa dakika zile nne, linahitaji viyoyozi sita, tena vinavyoweza kufika baridi kali kuliko friza ya nyumbani.

BARAFU YA KUFUTURIA

Kuna njia mbili kuu za kupata baridi hiyo, na kila mmoja wetu ameiona ya kwanza mwezi wa Ramadhani. Jioni kabla ya Magharibi kila nyumba hutuma mtoto kununua barafu ya juisi. Muuzaji ana friza moja tu, na friza hiyo haiwezi kugandisha mifuko mia kwa nusu saa. Lakini imefanya kazi usiku kucha na mchana kutwa, na baridi yake imelala ndani ya barafu ikingoja wateja.

Vituo vingi vya hidrojeni hufanya hivyohivyo, ila badala ya barafu hutumia pande kubwa la alumini. Ndani ya pande hilo hupita mirija ya aina mbili: mmoja wa hidrojeni, mwingine wa kimiminika cha mashine ya baridi. Mashine ndogo hulipoza pande polepole mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri. Gari likija, hidrojeni hupita ndani na kuliachia joto lake. Lakini pande haliruhusiwi kupanda sana, maana dirisha letu ni la nyuzi 7 tu. Tukiruhusu lipande nyuzi 5, na kila kilo ya alumini hunywa kilojuli 0.9 kwa kila uzi, basi kwa kilojuli 5,000 tunahitaji kilo 1,100. Zaidi ya tani moja ya alumini kwa ajili ya gari moja!

Na gari la pili likiwa nyuma yake? Mashine ya kilowati 10 itahitaji sekunde 500, dakika nane na ushei, kulirudisha pande mahali pake. Wa pili atangoje, au kituo kiwe na pande kubwa zaidi, au mashine kubwa zaidi.

Njia ya pili ni kuacha kuhifadhi baridi na kuitengeneza palepale. Kipozeo chake ni sahani nyembamba za chuma cha pua zilizochorwa vijia vidogo sana, zikabanwa pamoja kwa joto na nguvu mpaka zikawa kipande kimoja kisicho na mshono. Hidrojeni hupita kwenye vijia vya sahani moja, kimiminika baridi kwenye vya sahani ya jirani, na kwa kuwa ukuta kati yao ni mwembamba, joto huhama upesi. Chombo chote ni kidogo kiasi cha kuingia ndani ya pampu. Wajapani wamekitumia sana. Ubaya wake ni kwamba mashine ya nyuma lazima iwe na nguvu zote zile za viyoyozi sita kwa wakati mmoja.

Ipo na ya tatu, ya vituo vinavyopokea hidrojeni ikiwa kimiminika, nyuzi 253 chini ya sifuri. Hao baridi wanayo tele, lakini haikuja bure: ilikwisha kulipiwa kiwandani, ambako kuigeuza gesi kuwa kimiminika hula umeme unaokaribia theluthi ya nishati iliyomo ndani yake.

Kwenye hewa ya unyevu kama yetu ya pwani, baridi hii ina kero yake. Unyevu huganda juu ya nozeli, na nozeli ikaweza kushikana na tundu la gari hata ikakataa kutoka mpaka barafu iyeyuke. Baadhi ya vituo hupuliza gesi kavu pale ili kuzuia.

UMEME UNALIWA NA KUNGOJA

Tumefika kwenye jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha habari yote. Ukisikia baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri utadhani gharama iko katika kulipoza gari. Haiko hapo. Kilojuli 5,000 ni sawa na uniti 1.4, uniti hizihizi tunazonunua za LUKU. Tukichukulia mashine inakula uniti moja ya umeme kwa kila uniti ya joto inayoiondoa, gari zima limepozwa kwa uniti moja na nusu hivi. Kilo zake 5 zina nishati ya uniti 165 au zaidi. Ni kidogo sana.

Lakini kwa sababu baridi lazima ifike ndani ya sekunde 30, na kwa sababu hakuna ajuaye mteja atakuja saa ngapi, kituo kinabaki baridi mchana na usiku. Joto la nje halilali, linapenya. Tuseme, kwa mfano tu, kubaki baridi kunakula kilowati 2 mfululizo. Kwa siku ni uniti 48. Wakija wateja 40, kila mmoja akichukua kilo 5, kila kilo imebeba robo uniti ya kungoja. Akija mteja mmoja peke yake, kila kilo imebeba karibu uniti 10, na kilo yenyewe ina uniti 33. Pampu ni ileile, gesi ni ileile, na theluthi ya nishati imekwenda kwa kungoja.

Wenye vituo wanaijua hesabu hii vizuri, kwa kuwa wateja bado ni wachache. Februari 2024 kampuni ya Shell ilitangaza kuvifunga vituo vyake vya hidrojeni vya magari madogo huko California. Sababu waliyotaja ni matatizo ya upatikanaji wa gesi na hali ya soko, wala hawakutaja baridi, nasi tusiwasemee. Ila kituo kisicho na wateja kina gharama zisizopumzika, na hii ni mojawapo.

Nchi za joto zina mzigo wa ziada. Dubai kituo cha hidrojeni kilifunguliwa mwaka 2017, na Dhahran, Saudi Arabia, mwaka 2019. Ndugu zetu walioko huko wanajua Julai ilivyo. Hidrojeni ikianza na nyuzi 45 badala ya 30, kila kilo ina karibu kilojuli 1,200 za kuondoa badala ya 1,000. Tangi la gari lililokaa juani limeanza na joto lake, na mashine ya baridi inalazimika kutupa joto katika hewa ambayo yenyewe ni ya moto. Kanuni ya J2601 inalijua hilo: kadiri hewa ya nje ilivyo ya moto, ndivyo kujaza kunavyoamriwa kwenda taratibu zaidi.

Wahandisi wanapunguza hasara hiyo kwa njia kadhaa, na ninayoipenda mimi ni ile iliyoanzia kwa kampuni ya Honda. Badala ya pampu kufuata jedwali lililoandikwa kwa kuhofia hali mbaya kuliko zote, hupima jotoridi halisi la hidrojeni inayotoka, dakika kwa dakika, na kurekebisha mwendo wa kujaza. Gesi ikiwa ya baridi kamili, gari linajazwa haraka. Ikiwa imepungukiwa na baridi kidogo, linajazwa kwa kuchelewa kidogo, wala halifukuzwi. Kwa hiyo kituo kinaweza kuiacha mashine ipumzike zaidi saa za usiku wa manane, na atakayekuja saa hizo akangoja dakika mbili tatu zaidi.

ZOEZI

Lori linabeba kilo 40 za hidrojeni na mwenyewe anataka lijazwe kwa dakika 10, siku yenye nyuzi 30. Tafuta kilojuli zitakazoondolewa, kisha kilowati, kisha idadi ya viyoyozi vya BTU 12,000 vyenye nguvu sawa na hiyo. Halafu fanya hesabu ya pande la alumini lisilopanda zaidi ya nyuzi 5, na useme ungechagua pande au sahani nyembamba, na kwa nini.